Wanajumuiya Pekee

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya kijani kama milango mingine yote ya kituo chetu, ila huu ulikuwa na karatasi. Karatasi ilipigwa chapa kwa Kiingereza na kubandikwa kwa pini nne. Ilisema kwamba vyombo vya mawasiliano ya elektroniki vilivyomo ndani ni kwa matumizi ya wanajumuiya wa chuo kikuu pekee. Chini yake wanajumuiya walitajwa: wahadhiri, watafiti, wakuu wa idara na wanafunzi waliosajiliwa. Niliisoma mara nyingi nikimtafuta opereta wa simu. Hakuwemo. Dereva hakuwemo, mpishi hakuwemo, askari wa getini hakuwemo, wala yule mama aliyefagia chumba chenyewe kila asubuhi kabla mwenye chumba hajafika.

Nilimchukia mtu aliyeibandika. Tangu wakati ule nimekaa Kitale, nimekaa Busia, nimeuza mitumba Narok, nimelinda ghala Molo, na kila mji nimeuacha bila kuutamani tena. Kile kilima cha Kericho ndicho pekee ninachokiota. Huja kwanza na harufu ya majani chai yakikaushwa kiwandani asubuhi ya baridi, halafu inakuja ile karatasi. Sijaweza kuvitenganisha.

Kilikuwa kituo cha utafiti cha chuo kikuu, nyumba chache za mawe zilizozungukwa na chai pande tatu na msitu upande wa nne. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, safari ya nusu siku. Wanafunzi wa kilimo waliletwa kwetu kwa mafunzo, wakalalamikia mvua kwa muhula mzima, wakarudishwa. Mimi niliajiriwa nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sauti ambayo mkurugenzi alisema inafaa simu. Nilipewa chumba kidogo, kiti cha mbao na swichibodi, sanduku kubwa lenye matundu na kamba zenye ncha za shaba. Simu ikiingia, kifuniko kidogo huanguka mbele ya tundu. Nachomeka kamba, nauliza unamtaka nani, nachomeka kamba ya pili. Mashine ya faksi pia ilikuwa kwangu. Karatasi yake ilififia upesi, kwa hiyo barua muhimu nilizipitia kwa kalamu, herufi juu ya herufi, zisije zikapotea kabla mwenyewe hajafika.

Halafu miaka ya tisini ikiwa inaelekea kuisha, ikaja kompyuta, na kompyuta ikaja na mtu wake. Cheo chake kilikuwa kirefu, sisi tukamwita Afisa. Alikuwa kijana kama mimi, mwembamba, shati limenyooshwa, tai kila siku hata Ijumaa. Akapewa chumba kilichopakana na changu, ukuta mmoja. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, aliiambia mashine ipige simu Nairobi. Ilipiga kelele kama mbuzi aliyebanwa na mlango, kisha barua zote za kituo zikapanda kwa pamoja na nyingine zikashuka. Hatukusema barua pepe wakati ule. Tulisema imeili, na wengi wetu tulisema tu, kwa sababu hatukuwahi kuiona.

Vita vyetu vilianza kwa ajili ya laini. Kituo kilikuwa na laini mbili, moja ya swichibodi na moja ya kompyuta. Lakini Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ikinyesha, laini ya pili ilikufa. Hapo Afisa alikuwa akitumia yangu, na mtu yeyote akiinua mkonga wa simu kokote kituoni, ile kazi ya kompyuta ilikatika na kuanza upya. Mara ya kwanza niliikata bila kujua. Mara ya pili nilijua kidogo. Baada ya hapo nilikuwa naangalia saa, na ikifika saa kumi na dakika tano nainua mkonga, nasikia ule mlio wa mbuzi, naurudisha taratibu. Kupitia ukutani nilimsikia akipumua.

Yeye hakupiga kelele. Silaha yake ilikuwa ulimi. Sisi Wakipsigis, ulimi wetu hauna ugomvi mkubwa na herufi. B na p kwetu ni ndugu, hali kadhalika d na t, g na k. Mtu wa kwetu akisema "bwana", mgeni anaweza kusikia "pwana". Afisa alisikia kila mara, na akanirudishia kila mara.

"Pwana Opereta," aliniambia siku moja mbele ya wanafunzi, akiwa ameegemea dirisha langu, "naomba ikifika saa kumi usipepe simu."

Wanafunzi wakacheka. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu kabisa, naye akacheka.

Nikamuuliza, kwa sauti ile nzuri ya simu, "Afisa, kwenu ni wapi?"

Miaka ile watu walikuwa wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya kabila, na swali hilo halikuwa salamu, na kila mtu aliyekuwa pale alilijua. Nilikuwa najua jibu. Wazazi wake walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma chai kabla hajazaliwa, naye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi za shamba lililokuwa chini yetu tu, ungeweza kuona mabati yake kutoka dirishani kwangu. Alisoma shule ya msingi ya palepale. Hakuwahi kuwa na kwao kwingine. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Kesho yake asubuhi ile karatasi ilikuwa imebandikwa.

Nyumbani kwetu ni mbele ya Silibwet, shamba dogo la chai na ng'ombe wawili. Nilikwenda mwisho wa juma ule nikawasimulia mama na mdogo wangu wa kike habari ya karatasi. Mama alikuwa akiosha kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando.

"Jumuiya?" aliuliza. "Yenu huko mnasali siku gani? Sisi ni Alhamisi."

Mdogo wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kilekile kilichoniajiri, akisomea mambo ya maziwa na vyakula. Alikuwa na akili ya haraka na mdomo wa haraka zaidi, na jina langu kwake lilikuwa Opereta wa Mama.

"Mimi ndiye mwanajumuiya hapa," alisema. "Nyinyi mmealikwa tu."

Nilicheka pia. Lakini nilicheka nikiwa nimechelewa, na yeye aliona.

Miezi michache baadaye wanafunzi walirusha mawe huko chuoni, kisa cha chakula na mambo mengine, na chuo kikafungwa. Kila mtu aliambiwa aende kwao mpaka aitwe. Mdogo wangu akarudi Silibwet, akafunga kitambaa kichwani na kuanza kuchuma chai na mama kama hajawahi kuona darasa.

Ndipo mhadhiri wake alipopiga simu kituoni. Ilikuwa alasiri, mvua imeanza, laini inakwaruza.

"Chamgei," alisema, nikajua ni mtu wa kwetu. Lafudhi yake ilikuwa ya upande wa Ndanai, nzito. Alikuwa ameambiwa kwamba opereta wa kituo ni kaka wa mwanafunzi wake, naye hakuwa na njia nyingine ya kumpata. Habari yenyewe ilikuwa hii: chuo kimoja cha Uholanzi kilikuwa kimempa mdogo wangu nafasi ya kwenda kusoma. Walikuwa wameandika kwa imeili ya mhadhiri. Walitaka msichana mwenyewe aandike kukubali, kwa imeili vilevile, kabla ya mwisho wa mwezi. Akinyamaza, nafasi inakwenda kwa mtu anayemfuata kwenye orodha.

"Mimi mwenyewe naondoka kesho," alisema. "Wanafunga mageti, na umeme wanakata. Hiyo kazi ni yako. Andika anwani."

Akanisomea herufi moja moja, kwa Kiingereza. Sehemu ya kwanza ilikuwa neno la Kiholanzi ambalo yeye hakulijua wala mimi. Ilianza na pi.

"Pi?" nikauliza.

"Pi," akasema.

Tukawa tumekubaliana.

Jioni ile niliomba ruhusa nikaenda nyumbani. Mdogo wangu alinisikiliza akiwa bado amebeba kapu mgongoni. Hakupiga kelele wala hakuruka. Alilitua kapu chini, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akakaa mezani. Aliandika mistari sita, akakata mmoja, akainakili upya kwenye karatasi safi ya daftari. Mama alikaa mlangoni akimwangalia yule mtoto akiandika, na sijui kama alipepesa macho.

"Utaifikisha?" mdogo wangu aliniuliza.

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako ni simu."

"Nitaifikisha," nikasema.

Asubuhi nilibisha mlango wa kijani. Afisa alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kitasa.

"Ni mwanafunzi?"

"Ndiyo."

"Amesajiliwa?"

"Unajua ni mwanafunzi."

"Chuo kimefungwa, usajili umesimama. Leo hii yeye na wewe ni kitu kimoja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo usiku kucha. Nikamwambia, akiituma barua hii, kuanzia siku hiyo saa nne na saa kumi sitagusa mkonga, hata mkurugenzi akitaka kuongea na waziri. Alifikiri. Ndani ya yale macho niliona anahesabu ni jioni ngapi alikuwa amekaa akianza upya. Akanyoosha mkono nikampa barua na kile kipande cha daftari chenye anwani.

Alipiga chapa upesi, vidole vyote kumi, bila kuangalia kibodi. Nilikuwa sijawahi kuingia mle. Ukutani palikuwa na rafu yenye vijisanduku, kila kimoja na jina la mwanajumuiya, na ndani yake barua zao zilizochapishwa zilikuwa zimekunjwa vizuri. Alipofika kwenye anwani akasimama.

"Hii ni pi au bi?"

"Imeandikwa pi."

"Naona ilivyoandikwa. Nauliza ilivyosemwa. Nani alikusomea?"

"Mhadhiri wake."

"Mtu wa wapi?"

"Wa kwetu."

Akatabasamu. "Basi ndiyo maana nauliza."

Masikio yangu yaliwaka moto. Ningeweza kusema sina hakika. Ningeweza kurudi kwenye swichibodi na kumtafuta mhadhiri kabla hajafunga mlango wake. Siku ile bado alikuwa na saa mbili tatu za kuwa ofisini. Badala yake nilisema, "Mimi kazi yangu ni kusikia. Andika pi."

"Sawa, Pwana," alisema, akaandika pi.

Barua iliondoka saa nne. Nilikaa upande wangu wa ukuta nikiusikiliza ule mlio wa mbuzi, na kwa mara ya kwanza niliuombea usikatike.

Niliitimiza ahadi yangu. Saa kumi mvua ikinyesha vifuniko vilianguka mbele yangu na sikuchomeka kitu. Watu walinilaumu, mkurugenzi alinilaumu. Kila asubuhi baada ya saa nne nilisimama mlangoni kwa Afisa.

"Kuna jibu?"

"Hakuna jibu."

Siku ya tatu hivyo, siku ya tano hivyo. Baada ya juma moja hakunyanyua hata kichwa. "Hakuna jibu, na mlango wangu una maandishi. Soma ukitoka."

Mwisho wa juma nilikwenda nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ameazima sanduku la safari kwa mwalimu wa kanisani, ameliweka juani kutoa harufu ya ukungu.

"Wamejibu?"

"Bado. Wazungu hawana haraka."

"Wao ndio walioweka mwisho wa mwezi."

"Watajibu."

Aligeuza sanduku upande wa pili. "Nije mwenyewe nimuulize huyo Afisa?"

Nilisema asije. Nilisema hatamfungulia, atamtukana tu mlangoni kama anavyonitukana mimi, na kwamba kutoka Silibwet mpaka kituoni kwa mvua ile ni kujitesa bure. Kila neno lilikuwa la kweli. Ukweli mwingine, ambao sikuusema, ni kwamba sikutaka amwone Afisa akiniita Pwana.

Mwezi ukaisha.

Kulikuwa na desturi moja kituoni. Kompyuta ile ilichapa kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na zile zilizoharibika au zisizotakiwa, yule mama wa kufagia alizikusanya akaniletea. Mimi nilizikata vipande vinne kwa rula na kuandika nyuma yake salamu za simu: fulani amepigiwa na fulani, saa fulani. Karatasi haikutupwa mpaka ijae pande zote. Siku ya pili ya mwezi mpya aliniletea bunda, akaliweka mezani, akaenda kupika chai. Nilichukua rula. Niligeuza karatasi ya tatu au ya nne ili niikate upande msafi, nikaona jina la mdogo wangu.

Ilikuwa barua yake, mistari yote sita. Juu yake palikuwa na maneno mengine ya Kiingereza, makavu: haikuweza kufikishwa, hapo hakuna mtumiaji wa jina hilo. Mashine iliyoirudisha ilijiita Demoni, au neno la karibu na hilo. Kwa dakika nzima nilifikiri ni matusi ya Afisa. Kisha nikaona tarehe. Ilikuwa imerudi asubuhi iliyofuata ile tuliyoituma. Ilikaa upande wa pili wa ukuta wangu siku zote zile nilipokuwa nikisimama mlangoni kuuliza.

Niliacha swichibodi, kifuniko kikiwa kimeanguka na mtu akisubiri, nikaingia kwa Afisa bila kubisha.

"Hii ni nini?"

Aliitazama. "Ilirudi."

"Nilikuuliza kila siku."

"Uliuliza kama kuna jibu. Hilo si jibu." Akaelekeza kidole kwenye rafu. "Na ningeiweka wapi? Nionyeshe sanduku lake. Nionyeshe lako. Isiyo na sanduku inakwenda kwenye takataka, na takataka zote huja kwako. Nilijua utaiona."

"Wakati gani?"

Akageukia kibodi yake.

"Ulijua ni bi," nikasema.

"Nilishuku. Nikakuuliza, ukiwa umesimama hapohapo. Nikakuuliza mara mbili. Mtoto wa darasa la tatu angesema bi ya Bomet tukaelewana. Kwenu kabisa hapo, Pwana."

Nilimshika tai. Nilimvuta mpaka kiti kikaanguka, ngumi yangu ikawa juu. Yeye hakuinua mikono. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayengojea mlango upigwe na upepo.

"Piga," alisema. "Ukimaliza uniulize tena kwetu ni wapi."

Sijui nilisimama vile muda gani. Swichibodi ilikuwa inalia. Yule mama wa kufagia alikuja mlangoni na birika la chai, akaona, akarudi nyuma hatua moja, akabaki pale. Niliiachia tai. Afisa alikiinua kiti, akakaa, akajinyoosha kola, na bila kuniambia kitu akaanza kuipiga chapa upya ile barua. Aliandika bi. Hakungoja saa kumi. Alipiga Nairobi palepale, na tukausikiliza ule mlio pamoja tukiwa hatutazamani.

Jibu lilikuja asubuhi yake. Alilileta mwenyewe dirishani kwangu, limekunjwa. Walimshukuru mdogo wangu kwa barua yake. Walisikitika kwamba siku ilikuwa imepita na nafasi imekubaliwa na mwingine. Anakaribishwa kuomba tena mwaka unaofuata.

Jioni nilikwenda Silibwet. Nilimwambia mdogo wangu kwamba barua yake ilirudi na Afisa akaitupa kwenye takataka kwa sababu hana sanduku. Nilimweleza habari ya karatasi mlangoni, ya rafu, ya tai. Nilieleza vizuri. Mama alimlaani yule mtu, kisha akaomba msamaha kwa Mungu kwa kulaani, kisha akalaani tena. Mdogo wangu alikuwa akichambua mboga. Hakulia.

"Ilirudi kwa nini?" aliuliza.

"Anwani ilikosewa."

"Na nani?"

"Laini ilikuwa mbaya siku ile."

Hakuuliza tena. Lakini asubuhi, kabla giza halijatoka vizuri, alikuwa amevaa viatu vya chuo na koti, akatoka pamoja nami. Tulipofika kituoni alipita dirisha langu bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kijani, akaisoma ile karatasi kutoka juu mpaka chini, akabisha. Afisa akafungua. Nilimsikia akisema jina lake, kisha nikasikia kiti kikivutwa.

Alikaa mle karibu saa nzima. Kupitia ukutani nilipata sauti bila maneno, yake na ya Afisa, na mara moja kitu kilichofanana na kicheko, ingawa pengine kilikuwa kikohozi. Alipotoka alikuwa na karatasi mbili: ile iliyorudi, na kipande cha daftari nilichoandikia anwani siku ya simu. Afisa alikuwa amekihifadhi.

Alisimama dirishani.

"Huu ni mwandiko wako."

"Mhadhiri alisema pi."

"Mhadhiri anasema pi maisha yake yote. Darasani tunaandika bi bila hata kufikiri."

"Mimi siko darasani kwake."

"Ndiyo maana mtu alikuuliza."

"Alinidharau. Wewe humjui. Ananiita Pwana mbele ya watu."

"Alikuuliza," alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Na mimi nikasema nije, ukaniambia nisije."

Kifuniko kilianguka mbele yangu. Nilichomeka kamba, nikamuunganisha mtu na mtu, nikakosea, nikarudia. Nilipoinua macho alikuwa bado pale, anazikunja zile karatasi.

"Mwaka ujao nitaomba tena," alisema. "Amesema nitumie anwani yake, chuo kifungwe kisifungwe."

"Anwani ya Afisa?"

"Ndiyo."

"Ni kinyume cha kanuni zake."

"Nimemwambia hivyo. Amesema anazijua."

"Wakijibu utaniambia?"

Alifikiri kabla ya kusema, na hilo liliniuma kuliko jibu lenyewe. "Wakijibu watanijibu mimi," alisema, akaenda zake kutafuta gari la kurudi.

Chuo kilifunguliwa baadaye, akarudi darasani, akamaliza. Nilipokwenda nyumbani na kumkuta likizoni tuliongea habari za ng'ombe, za bei ya majani, za mama na mguu wake uliokuwa ukivimba. Hakuwa mkali kwangu. Aliniwekea chakula. Neno Opereta wa Mama halikutoka tena mdomoni mwake; aliniita kaka, kama mtu anavyomwita kaka wa jirani. Nami sikuuliza. Kituoni mimi na Afisa tulisalimiana kwa vichwa. Saa kumi sikugusa mkonga, na yeye hakuniita Pwana. Watu walisema sasa tumepatana. Nilimchukia zaidi kuliko zamani, kwa sababu sikuwa tena na sababu ninayoweza kuisema kwa sauti.

Mwisho wa mwezi mmoja nilichelewa kwenda nyumbani. Mwenzangu wa zamu alikuwa mgonjwa, nikakaa kwenye swichibodi majuma mawili mfululizo. Nilipofika Silibwet mama alikuwa peke yake, anakamua. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi.

"Aliondoka Jumanne ya juzi," alisema bila kuinua kichwa.

"Kwenda wapi?"

Mikono yake ikasimama. "Kwenda huko Uholanzi. Yule kijana wa kompyuta alikuja mwenyewe kuleta karatasi, amelowa mpaka ndani. Nikampa mursik, akanywa vikombe viwili. Ni kijana mwenye heshima. Nilimwambia alale, akasema ana kazi asubuhi."

Nilihesabu. Jumanne ya juzi Afisa alikuwa kazini. Asubuhi alinisalimia kwa kichwa akipita dirishani, jioni akanisalimia tena. Na kabla yake, ile siku aliyopanda mpaka Silibwet kwa mvua na karatasi ndani ya koti, aliondoka mapema, nakumbuka, akafunga mlango wa kijani kwa ufunguo na kuujaribu mara mbili.

Mama alikuwa akinitazama.

"Nilifikiri unajua," alisema. "Si mnafanya kazi pamoja?"

Nikamwambia ndiyo, tunafanya kazi pamoja. Kisha nikampokea ile ndoo, nikaketi kwenye kigoda, nikamalizia kumkamua ng'ombe.